Anauzika au Hauziki? Vipimo Vinne vya Mgombea Urais, Vikitazamwa kutoka Nakuru na Kisumu

Binamu yangu anataka kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Wadi yenyewe iko Nakuru mjini, upande ule wa ploti za kupanga ambako choo kimoja kinahudumia milango kumi, na kwa miezi kadhaa amekwama kwenye swali moja: asimame kwa tiketi ya chama kipi. Pesa za mabango anazo, vijana wa kuyabandika anao. Anachokosa ni uhakika kuhusu mtu atakayewania urais kwa chama hicho.

"Kaka, huyu wetu anauzika kweli?" ananiuliza usiku kwa simu. Jumatatu ananitumia picha ya uwanja uliofurika. Jumatano ni utafiti mpya wenye asilimia na nukta zake. Ijumaa ni hesabu za kaunti alizoandika nyuma ya risiti ya petroli, na jumla yake, ajabu ya Mungu, kila mara inafika kura milioni tisa.

Nimejaribu kumjibu nikashindwa, kwa sababu kila anachonitumia kinajibu swali lake, na maswali hayo hayafanani. Picha inajibu moja, utafiti unajibu lingine, risiti inajibu la tatu. Basi nimeviweka vyote mezani, pamoja na uchaguzi mdogo, ule wa kujaza kiti kimoja kilichobaki wazi, ambao watu wa magharibi wameuzungumza sana tangu ule wa Malava, Kakamega, nikavipima kwa mizani moja.

Nikiri mapema kwamba sina mikono mitupu katika jambo hili. Mwaka wa 2017 nilikuwa mmoja wa wale vijana wanaobisha mlangoni na tableti mkononi, Nakuru kwanza na baadaye Kakamega. Nimeona utafiti ukipikwa jikoni. Kwa sababu hiyo nauamini kuliko wengi, na kwa sababu hiyo hiyo siumezi mzima.

Kwanza, kuuzika ni kufanya nini?

Vijiweni neno hili hutumiwa kana kwamba ni kupendwa. Katiba ya 2010 inataka zaidi ya hapo. Kifungu cha 138 kinasema mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana wa hivyo, wawili wa juu wanarudi debeni ndani ya siku 30.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka wa 1992 Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi kwa sababu wapinzani wake walikuwa wamegawana zilizobaki, na 1997 akapita kwa 40. Leo mtu mwenye asilimia 40 na uwanja uliojaa ni mgombea mzuri tu, rais bado. Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027, na kila anayetajwa anapaswa kuulizwa maswali mawili kwa pamoja: nusu ya kura ataitoa wapi, na nje ya kwao atapata robo katika kaunti ngapi?

Nitakachouliza kila kipimo

Nani anahesabiwa? Kinajibu swali gani hasa? Kinapotoka vipi, na nani anaweza kukipotosha? Huko nyuma kimetupa nini? Na mwisho, kinamfaa nani? Mahali penye mengi nitakaa, pasipo na mengi nitapita.

1. Utafiti wa maoni

Wengi huuita kura ya maoni, lakini kwetu jina hilo tumelizoea kwa jambo lingine, kupigia katiba mwaka wa 2005 na 2010. Nitasema utafiti.

Wanaohesabiwa. Kwa kawaida ni watu elfu moja hadi elfu tatu nchi nzima, wanaochaguliwa kwa bahati nasibu na kugawanywa kulingana na wingi wa watu wa kila eneo. Sampuli ya watu 2,000 ikichukuliwa sawasawa ina uwezekano wa kukosea kwa pointi 2.2 kwenda juu au chini. Hiyo ni namba ya nchi nzima. Sasa igawe. Mwaka wa 2022 kulikuwa na wapigakura milioni 22.1 waliosajiliwa, Kisumu ilikuwa na laki sita hivi, Nakuru zaidi kidogo ya milioni moja. Katika sampuli hiyo ya 2,000, Kisumu inapata watu kama 55 na Nakuru kama 95. Kwa watu 55 uwezekano wa kukosea ni pointi 13, na kwa 95 ni pointi 10. Ukisikia redioni kwamba fulani "amepanda kwa pointi nane Kisumu", jua ni mama wanne au watano wa Nyalenda waliokuwa nyumbani siku hiyo badala ya kwenda sokoni.

Swali linalojibiwa. "Uchaguzi ukifanywa leo utampigia nani?" Leo. Na ni swali la mdomo. Mtafiti hawezi kujua kama mhojiwa ataamka saa kumi na moja alfajiri kupanga foleni shuleni.

Kinavyopotoka. Hapa nina kisa. Ploti moja ya Free Area, Nakuru, Julai 2017. Kanuni yetu ilikuwa kuhesabu milango, kuruka minne, kubisha wa tano, kisha tableti yenyewe inachagua nani wa nyumba hiyo ahojiwe. Ikamchagua mama aliyekuwa mlangoni akichambua mchele kwenye sinia. Maswali ya bei ya unga aliyajibu kwa sauti hadi majirani wakachangia. Tulipofika kwenye urais akanyamaza. Akaweka sinia chini, akaivuta beji iliyoning'inia shingoni mwangu, akasoma jina langu la ukoo polepole, akanitazama, kisha akautazama mlango wa jirani.

"Andika sijaamua."

Nikaandika. Ndani, juu ya kochi, niliona kalenda ya mgombea mmoja, uso mzima.

Nakuru ilifundishwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 kwamba jibu la swali hilo linaweza kukuchomea nyumba. Mtu anayeishi ploti moja na makabila matano hamjibu mgeni ovyo. Kakamega mambo yalikuwa kinyume: kule Shinyalu mzee mmoja alinijibu kabla sijamaliza swali, kisha akataka nimwandike tena kwa niaba ya mkewe. Kuhoji kwa simu kunaondoa beji lakini kunaleta shida nyingine, kwamba anayepokea namba ngeni saa nne asubuhi na kuzungumza dakika ishirini si sawa na aliye shambani akipalilia.

Wapo pia wanaoharibu makusudi. Siku yetu ya mwisho tulibaki na dodoso kumi na mbili, na msimamizi akatuambia tuzimalizie kwenye steji ya matatu. Wenzangu wawili walikwenda. Kampuni siitaji, ila tangu siku hiyo nikisoma utafiti huanza na ukurasa wa nyuma. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu kuchapisha utafiti wa uchaguzi inataka tuambiwe aliyelipia, aliyefanya, tarehe, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha kukosea, na inakataza kutangaza matokeo mapya siku tano za mwisho. Karatasi isiyokuwa na hayo ni tangazo la biashara.

Rekodi. Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi wa 2022, kampuni ya Ipsos iliwapa wagombea urais Raila Odinga asilimia 47, William Ruto 41 na George Wajackoyah karibu 3. Debeni Ruto akapata asilimia 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44. Kisumu nzima ilisema utafiti ulitudanganya. Mimi nasema uangalie tena. Namba ya Raila ilikuwa karibu sana na ukweli. Iliyokosewa ni ya mpinzani wake, kwa pointi tisa na nusu. Ukijumlisha 47, 41 na 3 unabaki na pengo la kama pointi tisa: wasioamua, na wasiotaka kusema. Mama yangu wa mchele yumo humo. Waliosoma utafiti ule kwa kutazama tu nani yuko mbele walipotea. Waliotazama kwamba anayeongoza hajafika 50, na kwamba kuna pengo la watu wanyamavu, walikuwa na sababu ya kutolala.

Mwaka wa 2007 siutumii kupimia mtu. Tafiti nyingi za kampeni zilimweka Raila mbele, tume ikamtangaza Kibaki kwa 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, na Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, baadaye ikasema matokeo yaliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mizani ikiharibika huwezi kulaumu gunia.

Unamfaa nani. Mwenye muda wa kufuatilia tafiti kadhaa za kampuni moja, mwezi baada ya mwezi, akitazama mwelekeo. Anayetaka kujua mgombea anajulikana kiasi gani nje ya kwao. Haumfai anayetafuta jibu la wadi moja.

2. Umati wa mkutano

Anayehesabiwa. Aliyekuja. Awe amejiandikisha kupiga kura au la, awe na miaka kumi na mitano, awe amefuata muziki. Shemeji yangu ni wa bodaboda pale Kondele, Kisumu. Katika kampeni zilizopita alisindikiza misafara ya wagombea watatu kwa wiki moja, kila mmoja akampa petroli ya mia tatu na fulana. Fulana anazo hadi leo, anaoshea pikipiki. Nilipomuuliza alimpigia nani, alicheka akasema siku ya kura alikuwa na wateja wengi.

Swali linalojibiwa. Mgombea ana nguvu ya kuandaa kiasi gani? Ana waratibu, malori, spika, pesa? Na watu wana hamu naye? Haya si mambo madogo. Mtu asiyeweza kujaza uwanja wa Afraha hataweza kuweka mawakala katika vituo zaidi ya 46,000, na kura isiyo na wakala ni kama ng'ombe asiye na mchungaji.

Kinavyopotoka. Picha hupigwa kutoka jukwaani, kamera ikiwa chini. Na namba hutolewa na mshereheshaji. Chukua kipimo hiki uende nacho: uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105 kwa 68, yaani mita mraba 7,140. Watu wawili kwa kila mita mraba wanasimama kwa raha, wanne wamebanana hadi mtu hawezi kuinua mkono. Hivyo uwanja mzima wa shule ukijaa pomoni hauna zaidi ya watu 28,600. Ukiambiwa laki moja walikuwa kwenye uwanja wa msingi, mwenzako anahesabu na miti.

Rekodi. Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2022 Raila alifunga kampeni Kasarani, uwanja wa watu 60,000, na Ruto akafunga Nyayo, unaobeba kama nusu yake. Viwili vyote vilijaa. Siku tatu baadaye aliyejaza kidogo ndiye aliyeshinda. Na kuna Profesa Wajackoyah, mwana wa magharibi, aliyesimamisha biashara kila alipopita akizungumzia bangi na sumu ya nyoka. Vijana walimfuata mbio. Nchi nzima alipata kura 61,969.

Unamfaa nani. Mtu wa chama anayetaka kujua kama mtandao wa mashinani upo. Na anayejua kutazama pembeni badala ya katikati: wangapi wanabaki muziki ukizimwa? Wangapi wanasimama mvua ikianza? La muhimu zaidi, mkutano uko kwa nani? Watu elfu mbili waliotulia wakimsikiliza mgombea wa mbali katika soko la Kibuye wananiambia mengi kuliko elfu ishirini wanaompokea mwana wao nyumbani.

3. Hesabu za ngome

Hii ndiyo risiti ya binamu yangu. Unachukua sajili ya wapigakura ya kila kaunti, unaipa kila kaunti mgombea wake, unajumlisha.

Anayehesabiwa. Kila aliyesajiliwa, hata aliyehama, aliyekata tamaa na aliyefariki. Hapo ndipo uzuri na ubaya wake: ni namba za kweli za tume ya uchaguzi, IEBC, hakuna aliyeweza kumnyima mtafiti jibu. Nakuru milioni 1.05, Kakamega zaidi ya laki nane, Bungoma kama laki sita na nusu.

Swali linalojibiwa. Je, njia ya kufika nusu ipo? Ni kipimo pekee kati ya hivi vinne kinachokuonyesha moja kwa moja sharti la kaunti 24. Mgombea anayependwa sana katika kaunti kumi anaweza kuonekana jitu kwenye picha, na risiti ikamkataa.

Kinavyopotoka. Kwanza kwa waliojitokeza. Mwaka wa 2013 walijitokeza asilimia 86 ya waliosajiliwa, 2017 wakawa karibu 79, na 2022 wakashuka hadi 65 hivi. Chukua kaunti yenye wapigakura laki sita kama Kisumu: tofauti kati ya asilimia 86 na 65 ni kura 126,000. Ruto alimshinda Raila kwa 233,211. Kaunti mbili za ukubwa huo zikilala kitandani zinatosha kugeuza urais, na risiti haina mstari wa waliolala.

Pili, kwa kudhani eneo ni mtu mmoja. Magharibi imewaumbua wengi hapa. Mwaka wa 2013 Musalia Mudavadi, mwana wa magharibi aliyewania urais, aliwekwa kwenye karatasi za watu kama mwenye kura zote za Waluhya. Akapata 483,981, chini ya asilimia nne, na Kakamega yenyewe ikampigia Raila. Mwaka wa 2022 Bungoma ilimpa Ruto nyingi, huku Kakamega, Vihiga na Busia zikienda kwa Raila. Ukiandika "Magharibi" kwa mstari mmoja tayari umekosea. Nakuru nayo, Bahati si Kuresoi na Naivasha si Molo.

Tatu, na hili ni jipya, ngome inaweza kubaki bila mwenyewe. Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Zile kura 6,942,930 za mwaka wa 2022 alipewa yeye. Binamu yangu bado anazigawa kwenye risiti kana kwamba ni shamba lenye hatimiliki: ODM, chama cha Raila, iliingia makubaliano na UDA, chama cha Ruto, Machi 2025, basi kura ziko huko, au watu wa Nyanza wana hasira, basi kura ziko kule. Nimekaa Kisumu wiki mbili mwezi uliopita. Niliowasikia wakibishana pale Oile walikuwa wa nyumba moja, baba na mwanawe, na hawakukubaliana hata juu ya chama.

Rekodi. Mwaka wa 2013 mchambuzi Mutahi Ngunyi alisema uchaguzi uliisha siku usajili ulipofungwa, kwa wingi wa idadi tu. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi, na hesabu hizo zikapata sifa. Lakini alivuka nusu kwa asilimia 50.07, kura elfu nane na ushei. Kipimo kilichokuwa na uhakika wa namna ile kingepaswa kuacha nafasi kubwa zaidi.

Unamfaa nani. Wanaopanga muungano na mgombea mwenza, kwa sababu unaonyesha mahali penye tundu. Unamdanganya zaidi anayeujaza akiwa peke yake usiku.

4. Uchaguzi mdogo

Nitakuwa mfupi hapa, kwa kuwa kipimo chenyewe ni kifupi. Wanaohesabiwa ni wapigakura wa kweli wa eneo bunge moja kati ya 290. Swali linalojibiwa ni kama mashine ya chama inawaka inapohitajika: kuwasajili mawakala, kuwaamsha watu, kulinda fomu.

Tarehe 27 Novemba 2025 Malava, kaunti ya Kakamega, ilichagua mbunge. Vigogo wa magharibi waligawanyika: Mudavadi na Wetang'ula walikuwa upande mmoja na UDA, Natembeya na Eugene Wamalwa upande wa DAP-K, chama cha upinzani. UDA ilishinda kwa tofauti ndogo, isiyofika kura elfu mbili. Jioni hiyo hiyo nilipokea jumbe mbili. Moja ilisema serikali imeuteka Mulembe, yaani Waluhya. Ya pili ilisema kama serikali nzima ilihamia kijijini ikashinda kwa kijinafasi kile, mwaka wa 2027 wamekwisha. Namba zilikuwa moja.

Kinapotoka kwa sababu nchi nzima inamimina pesa na mawaziri mahali pamoja, jambo lisilowezekana siku ambayo maeneo bunge yote 290 yanapiga kura. Na mtu wa Malava alikuwa akichagua mbunge, akitazama ukoo, barabara na basari. Kwa urais ni kidokezo tu. Kinamfaa kiongozi wa chama anayetaka kujua kama waratibu wake wa eneo lile wanafanya kazi au wanakula posho.

Vipi kuhusu kura za mitandaoni?

Sijaziweka kwenye mizani kwa sababu anayehesabiwa hajulikani. Elfu hamsini wamebofya, sawa, lakini wangapi wako Qatar, wangapi wana miaka kumi na minne, wangapi ni mtu mmoja mwenye simu nne? Wingi hautibu hilo. Mwaka wa 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili ya posta na kusema Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48, na George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, akawa amepatia. Jiburudishe nazo tu.

Kwa hiyo ushike kipi?

Kama wewe ni mpigakura na hofu yako ni "kuharibu kura" kwa mtu asiyeuzika, vipimo hivi vikuhangaishe kidogo tu. Sharti la nusu na duru ya pili linakupa nafasi ya kumpigia unayemtaka katika duru ya kwanza. Ruto alivuka nusu kwa kura elfu 69 na ushei. Kiasi hicho tu cha watu wake kingeenda kwa mwingine yeyote, tungerudi debeni. Kura ya mgombea mdogo ina uzito kuliko wanavyokuambia kijiweni.

Kama unachangia kampeni kwa pesa zako, au biashara yako inategemea nani atakuwa serikalini, fuata tafiti za kampuni mbili au tatu kwa miezi, uandike pembeni idadi ya wasioamua kila mara. Idadi hiyo ikizidi tofauti ya wawili wa juu, bado hujaambiwa kitu.

Kama uko katika kamati ya muungano mnaochagua nani apeperushe bendera, anzeni na hesabu za kaunti mpate wanaoweza kufika robo katika 24, kisha lipieni utafiti wenye swali la "nani huwezi kumpigia kabisa". Upinzani wa 2002 ulikuwa na wakubwa wengi, Raila akasema Kibaki tosha, na Kibaki akapata asilimia 62. Kilichomwuza si kwamba alipendwa kuliko wote kila mahali. Ni kwamba ngome za wengine hazikumkataa.

Kama wewe ni mtangazaji wa redio hapa magharibi, usitangaze asilimia za kaunti kutoka sampuli ya nchi. Na mkutano ukiisha, tuma mtu apime uwanja.

Na kama unawania wadi, kama binamu yangu, hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne kilichotengenezwa kwa ajili yako. Nimemwambia achukue daftari, abishe mlango wa tano, aruke minne, amtume kijana ambaye jina lake halionyeshi kabila, na asiulize "utampigia nani". Aulize "majirani zako wengi hapa watampigia nani?" Watu huogopa kujitaja, lakini kumtaja jirani hawaogopi. Wiki iliyopita alifanya ploti kumi na moja za kwanza. Alinipigia usiku, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza kama mtu wake anauzika. Aliniuliza kama fomu za mgombea binafsi zinachukuliwa wapi.